Mpe Ndoo Kabla ya Dodoso

Mahitaji: mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa afya ya jamii, mwenye viatu vya kutembelea na koti zito. Ndoo moja ya lita 20. Kanga kuukuu ya kukunja ngata. Daftari la mistari, kalamu mbili, noti moja ya shilingi elfu. Kishikwambi kipo, najua, na ndani yake mna dodoso la maswali zaidi ya mia. Kifungie sandukuni, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe mkufunzi mpaka siku ya nne. Muda wa kupika ni wiki tatu, kijijini, bila kufunua chungu kila saa.

Haya ni mapishi ya mtaalamu atakayeweza kupunguza pengo la afya kati ya walio nacho na wasio nacho. Nimeisoma mitaala mingi inayoahidi kumtoa mtaalamu huyo. Ina mihadhara kuhusu mambo ya kijamii yanayoamua nani augue na nani apone, ina takwimu, ina mitihani yenye maswali mazuri kweli. Sijaona hata mmoja uliotaja ndoo. Cheka ukitaka, ila vipimo usivipunguze. Kila kimoja nimekijaribu na wanafunzi wangu na ninakisimamia.

Kwanza chagua jiko. Mimi huchagua Njombe, na nitaeleza kwa nini. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Iringa walikuwa 57. Njombe 50, na Rukwa karibu sawa na Njombe. Yasome majina hayo tena kama unavyosoma bei za sokoni. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza malori ya mahindi, maharage na viazi mviringo yanayoshuka usiku kwenda kulisha miji. Parachichi la Njombe linavuka bahari mpaka Ulaya. Dar es Salaam, ambako mtu akiwa na matuta mawili ya mchicha anajiita mkulima, watoto waliodumaa ni wachache kuliko wastani wa taifa. Mwanafunzi ambaye hajaiva akiwekewa jedwali hilo mezani anakuwa na jibu kabla hujamaliza kusoma: watu wa kule wana chakula lakini hawana elimu ya lishe. Ameandika hivyo kwenye mtihani na amepata alama. Hapo ndipo tunapowasha moto.

Mpeleke Juni au Julai, wakati sakitu inalala kwenye majani na vidole vinakataa kufunga vifungo vya koti. Mfundishe kwanza kusema kamwene, kwa sauti ya chini na magoti yamekunjwa kidogo, maana shikamoo ya haraka ya stendi haifungui mlango kule. Halafu mkabidhi kwa mama mwenyeji mwenye mtoto wa miezi minane au tisa, umpe mama huyo ruhusa ya kumtuma mwanafunzi kama anavyomtuma mdogo wake. Saa kumi na moja alfajiri wote wawili wanashuka bondeni kuchota maji.

Lita 20 za maji ni kilo 20. Mwanafunzi alilijua hilo tangu shule ya msingi. Siku hiyo shingo yake ndiyo inajifunza. Wavulana wabebe pia, na wabebe kichwani. Kijiji kitajaa vicheko, na vicheko hivyo nimevikuta na faida kubwa: kufika jioni kila nyumba inamjua mgeni kwa ndoo yake, na watu hawaoni shida kumweleza mambo yao mtu ambaye wamekwisha kumcheka. Safari ya kwanza maji nusu yatamwagikia mgongoni. Mwache. Safari ya tatu atakuwa ameanza kutembea polepole na kuangalia chini, na hataki kuzungumza. Hapo mkumbushe kwamba mwenzake aliye mbele ana mtoto mgongoni na kuni mkononi.

Daftari lina kazi moja tu siku tatu za mwanzo. Mwanafunzi apige mstari katikati ya ukurasa. Kushoto aandike saa, kulia aandike mikono ya mama imeshika nini. Saa kumi na moja, ndoo. Saa kumi na mbili, kuni, sufuria, mtoto. Saa moja, ufagio, sahani, mtoto. Saa mbili, jembe, na mwendo wa kwenda shambani haumruhusu mtu kupumzika. Saa kumi jioni, mzigo wa majani ya ng'ombe. Saa mbili usiku, bado sufuria. Naliita daftari la mikono. Jioni ya siku ya tatu muulize mwanafunzi ni saa ngapi mikono ile ilikuwa mitupu. Mmoja wangu alitazama kurasa zake muda mrefu, akafunga daftari, akasema, "Mwalimu, alipokuwa amelala, na hata hapo alikuwa amemshika mtoto."

Sasa mrudishe kwenye somo la darasani. Mtoto wa miezi tisa ana tumbo dogo, hivyo anahitaji chakula kizito kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, pamoja na maziwa ya mama. Mwanafunzi analijua hilo kwa moyo. Ila kwenye daftari lake, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, mama yuko shambani, kilima cha pili. Uji ulipikwa alfajiri, ukafanywa mwepesi ili utoshe mpaka jioni, ukawekwa kwenye chupa ya chai. Anayemlisha mtoto ni dada yake wa miaka saba. Somo la lishe tulilompa mama kliniki alilishika vizuri, na ukimuuliza atakutajia makundi yote ya chakula bila kukosea. Mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba aliyelishika somo na aliyeshika kijiko ni watu wawili.

Sasa weka faini. Sh 500 kwa kila mwanafunzi atakayesema au kuandika mojawapo ya maneno haya: "uelewa mdogo", "mila potofu", "jamii haitaki kubadilika". Usisamehe hata anayesema ameteleza ulimi. Mimi mwenyewe nimetozwa, na nililipa. Maneno hayo yanamfungia mtafiti mlango mbele ya pua yake, kwa sababu akishayaandika hana tena sababu ya kuuliza kitu. Fedha za faini zinunue mayai ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile tunayoiita SALIKI. Mwaka mmoja kundi langu lilipata trei mbili wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hatukupata hata yai moja, na sijawahi kufurahia upungufu wa mayai kama siku ile.

Kuna kiungo kimoja ambacho wakufunzi wengi tunacho jikoni na hatukitumii. Katika kila kundi la wanafunzi kumi, watatu au wanne wamekulia katika nyumba kama zile tunazokwenda kuzipima. Wamebeba ndoo hizo kabla hawajajua kuandika. Tumewapokea chuoni, tukawapa istilahi, na kwa miaka miwili tumewazoeza kusema "wao" na "jamii husika" mpaka wakaacha kusema "sisi". Jioni moja nilikuwa nimelitandaza jedwali la udumavu mbele ya kundi, naeleza kwa nini siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, zina uzito kuliko miaka yote inayofuata. Binti mmoja mfupi, hodari kuliko wote kwa hesabu, alikuwa kimya tangu tufike. Alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi nimo humu." Alizaliwa si mbali na hapo. Alituambia jinsi mama yake alivyokuwa akiamka usiku kumpikia uji mzito anapokuwa na nafasi, na jinsi nafasi hiyo ilivyokuwa ikipatikana msimu ambao hakuna palizi. Hakulia, wala hakutaka kuonewa huruma. Alitaka tuelewe palizi ni nini. Tangu siku hiyo sianzi kazi kabla sijawauliza wanafunzi wangu nani kati yao anapajua tunakokwenda, na huyo ndiye anayefundisha siku ya kwanza. Mimi hukaa kwenye mkeka na wengine.

Siku ya nne unaweza kufungua sanduku. Utashangaa: wanafunzi wenyewe wataanza kuyafuta maswali.

Baada ya ndoo, mpeleke barabarani siku ya kupakia viazi. Hapa ndipo wengine huniuliza, ujazo wa lumbesa unahusiana nini na afya? Mwanafunzi asimame penye lori aangalie. Gunia la kilo 100 linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kofia ya viazi na kushonwa kwa kamba ya wavu, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima anajua anapunjwa. Anauza hivyo hivyo kwa sababu ada ya shule inadaiwa wiki hii na mwenye lori ni mmoja. Mwambie mwanafunzi avihesabu viazi vya ile kofia, avigeuze kuwa fedha, kisha azigeuze fedha kuwa maziwa, mayai na karanga. Maziwa yenyewe yanakamuliwa nyumba ile ile na yanapita mbele ya mtoto asubuhi, kwenye dumu, kwenda kuuzwa. Mayai nayo ndiyo benki ya mama: yakiuzwa yananunua sabuni, mafuta ya taa na chumvi. Ripoti yoyote ya udumavu wa Njombe au Iringa inayoorodhesha visababishi bila kutaja lumbesa, irudishe kwa mwanafunzi aandike upya.

Nafika kwenye sehemu ya usiku, ambayo wazazi wa wanafunzi hawaipendi.

Sera inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wanahudumiwa bure. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza kwenye hospitali za serikali mwaka 1993, makundi hayo yamewekwa kwenye msamaha, na ni sera nzuri. Mwanafunzi apime bure hiyo ina uzito gani. Mpe orodha ambayo wajawazito huambiwa waje nayo kwenye vituo vingi: mipira ya mikono, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, beseni, kanga. Aende dukani aulizie bei ya kimoja kimoja na ajumlishe. Kisha saa nane usiku muamshe. Mwambie kuna mama ameshikwa na uchungu katika kitongoji cha mwisho, atafute usafiri. Atafuatana na mwenyeji wake na mgambo, kwa hiyo usiogope, lakini kazi ya kugonga milango na kupatana bei ni yake. Atakuta bodaboda wa kwanza hana mafuta, wa pili anataka mara tatu ya nauli ya mchana kwa sababu njia ni utelezi, wa tatu simu yake imezimwa. Na kabla ya yote atakuta kwamba mama hawezi kutoka mpaka baba apatikane, au mama mkwe akubali, kwa sababu fedha iko mfukoni mwa mtu mwingine. Andika muda kila hatua. Wanafunzi wangu waliwahi kutumia saa mbili na dakika arobaini kabla injini haijawaka, katika kijiji ambacho kwenye ramani kiko ndani ya kilomita tano kutoka zahanati.

Ramani hiyo iliniumiza kichwa miaka mingi. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na majengo mengi mazuri yalitokana nao. Lakini kijiji cha Nyanda za Juu kinaweza kuwa na vitongoji vitano au sita, kila kimoja juu ya kilima chake. Zahanati hujengwa ilipo ofisi ya kijiji, ilipo barabara, yalipo maduka, kwa watu ambao tayari wana nafuu. Daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri hupungua kadiri uhitaji unavyoongezeka. Hakuwa akiandika kuhusu Njombe, ila kilima alikuwa amekiona.

Asije mwanafunzi akamaliza usiku huo akimlaumu muuguzi. Hilo ni kosa la unga kuingia kabla maji hayajachemka. Asubuhi mpeleke zahanati akae naye mpaka jua lizame. Ni muuguzi mmoja, anapima wajawazito, anachanja watoto, anatoa dawa, anamzalisha aliyefika saa sita mchana, anafagia. Wakati wagonjwa wameisha ndipo anaanza kujaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kitabu juu ya kitabu, maana wilaya inasubiri takwimu. Mwambie mwanafunzi avijaze yeye siku hiyo. Takwimu alizozipenda chuoni, zile zinazomiminika kwenye jedwali kama maji ya bomba, zilianzia kwenye kiganja hiki kilichochoka, kwa mwanga wa tochi ya simu. Nimewaona wanafunzi wakirudi kutoka hapo wakiwa na heshima mpya kwa nambari, na shaka mpya pia. Vyote viwili vinafaa.

Jioni moja iache wazi kwa ajili ya bibi. Tafuta bibi au babu aliyekuwa mtu mzima mwaka 1973, akae penye moto, na umuulize neno moja tu: Mtu ni Afya. Kampeni ile ya afya ilipitia redioni. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, wakakaa chini ya mti au darasani, wakasikia kipindi, wakakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa hapo hapo waliopewa mafunzo mafupi. Bibi mmoja alinisahihisha niliposema watu walielimishwa. "Tulikuwa tunabishana," alisema. "Redio inasema, sisi tunabishana, tukikubaliana tunachimba." Mwanafunzi ayaandike hayo maneno ukurasa mzima peke yake, kwa sababu wiki inayofuata atapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi awaelimishe watu, na ninataka mkono wake usite kidogo.

Noti ya elfu sasa. Kwa miaka kadhaa serikali imezielekeza halmashauri zitenge Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao ya ndani, kwa ajili ya lishe. Mpe mwanafunzi noti hiyo mkononi aende nayo gengeni amnunulie mtoto mmoja lishe ya mwaka. Atarudi na mayai mawili, labda matatu. Usimwambie kitu, mwache ayatazame. Kisha mwende wote ofisi ya halmashauri mkaombe kuona vitabu, mkiulizia safu tatu: zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika. Safu hizo hazifanani. Mwanafunzi atajifunza kwamba pengo la afya lina anwani, lina mwaka wa fedha, na wakati mwingine lina saini. Nimekutana na maofisa lishe wa wilaya waliofurahi kuona kuna mtu anauliza. Wamekuwa wakiuliza peke yao.

Na asidhani kusoma bajeti ni kazi ya wahasibu. Miaka ya 1990, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi wa serikali uliosaidiwa na Kanada, uliojulikana kwa jina la TEHIP, ulizipa timu za afya za wilaya kitu rahisi: njia ya kuweka kando kwa kando kinachowaua watu wao na kinachokula fedha zao. Morogoro iligundua kwamba malaria ilichukua karibu 30% ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea, huku bajeti ya mwaka 1996 ikiipa 5% tu. Wakapanga upya. Fedha ya nyongeza haikuwa kubwa. Vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya 40% katika miaka michache, na kazi hiyo ilifanywa na maofisa wa wilaya, wenye kalkuleta, kwenye ofisi zenye feni mbovu. Kila mwanafunzi wangu lazima asimame mbele ya wenzake wanaoigiza baraza la madiwani, aeleze kwa dakika tatu, bila neno hata moja la chuoni, kwa nini fungu fulani lihamishwe. Diwani akisinzia, anarudia.

Kitoweo chenyewe kimebaki, na naomba hapa uwe makini kuliko kote.

Siku ya SALIKI ikifika, uwanja wa ofisi ya kijiji unajaa. Ubao wa kupimia urefu umesimamishwa, mizani inaning'inia, utepe wa mkono unazungushwa, uji wa karanga unachemka, na mayai ya faini yanamenywa. Akina mama wamevaa kanga safi. Wanafunzi wanapima, wanaandika, wanafurahi kwa sababu kila kitu kinakwenda. Mwite mmoja wao kando, yule mwenye mwandiko mzuri, umpe daftari la kitongoji lenye majina ya watoto wote, na umpe kazi moja: akuambie nani hayupo.

Swali hilo halimo kwenye kishikwambi. Dodoso linamuuliza aliyekuja. Rejesta ya kliniki inamwandika aliyefika. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini, mahali ambapo mgeni yeyote akipita kwa gari angesema hapa wote ni maskini sawa. Watafiti walikuta hawako sawa hata kidogo. Familia zenye nafuu kidogo zilizijua zaidi dalili za hatari za mtoto mgonjwa, zilimpeleka kituoni zaidi, na mtoto wao alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupewa dawa aliyoihitaji. Ndani ya umaskini kuna ngazi, na aliye kwenye kidato cha chini kabisa hakuji uwanjani. Nimewahi kusikia mwenyekiti wa kitongoji akisema wote wameitikia, na alisema kwa nia njema kabisa. Alipoombwa kusoma majina, kumi na moja hayakuitikiwa.

Kumi na moja hao ndio somo lenyewe. Mwanafunzi awafuate wote, kwa miguu, kabla hajaruhusiwa kugusa hesabu.

Nilifuatana na binti mmoja kwenye nyumba ya mwisho. Njia ilikuwa inashuka bondeni kisha inapanda, na saa sita mchana tulikuwa bado hatujafika. Tulikuta mlango umeegeshwa, kuku wawili, na mtoto wa kike wa miaka sita au saba ameketi kizingitini na mdogo wake mapajani. Mama amekwenda kibarua kwenye shamba la chai, alisema, atarudi jua likizama. Baba hakutajwa. Mdogo alikuwa na macho makubwa na nywele zilizopauka, na alipowekwa chini hakutambaa. Mwanafunzi alitoa utepe kwenye mkoba, akautazama, akaurudisha. Alisema tungoje.

Tulingoja kwa saa tano. Nilimwona akimfundisha yule dada kuponda yai kwenye uji kwa kijiko, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamwachia kijiko chenyewe. Nilimwona akiokota kuni. Jua lilipogusa miti ya mianzi mama alitokea chini ya kilima, amepinda kidogo, na alipotuona alisimama, kama mtu aliyekuta maofisa wanadai kodi. Binti akashuka kumlaki. "Kamwene, mama," alisema, na magoti yake yalikunjwa vizuri kabisa. Mama akaitikia kwa woga. Kisha macho yake yakaenda kwenye ndoo iliyokuwa ukutani, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na nyumba haikuwa na maji.

Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kukunja ngata.